Mapigo Yasiyofika

Wanaomwona shemeji yangu siku hizi, amekaa kibarazani kwake mchana kutwa, mikono kaibana kwapani, hudhani ni mvivu. Majirani wameniuliza mpaka nimechoka. Huyu bwana si alikuwa na kazi yake nzuri kwa daktari wa wanyama? Kafukuzwa? Kaiba? Loo, hasira hunipanda mpaka utosini! Mtu akinyamaza, watu humjazia maneno yao. Basi nitasema mimi, na nitasema yote, na anayetaka kucheka asubiri nimalize.

Kazini walimwita Kidole. Mimi sikumwita hivyo. Mimi ni shemeji yake, nilikuwa na majina mabaya zaidi. Alimwoa dada yangu mkubwa, na dada alipofariki akaniachia mtu huyu pamoja na binti yao, ambaye sasa kaolewa na yuko mbali. Utani wa mashemeji mnaujua wenyewe. Nikimkuta anakula namwambia, "Kula polepole, mke mwingine sikutafutii ng'o." Naye hunijibu, "Mke wa nini, na kelele nazipata kwako bure?" Ndivyo tulivyoishi. Ndiye aliyeniingiza kwenye hiyo kliniki, nikawa naosha vyombo vya upasuaji, nachemsha mikasi, nafua vitambaa na kupiga deki. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Kliniki yenyewe ni nyumba ya kawaida iliyogeuzwa. Sebule ndiyo mapokezi, ina benchi refu na mizani ya kupimia mbwa. Jikoni ndiko kwangu, kwenye sinki na masufuria ya kuchemshia. Chumba cha kulala cha zamani ndicho cha upasuaji: meza ya bati, taa moja kubwa, mtungi wa oksijeni, na ile mashine ya moyo. Mashine hiyo ilikuwa ya hospitali ya binadamu, wao walipopata mpya wakatugawia kuukuu. Mnyama akishapigwa dawa ya usingizi unambana vibanio vya waya, kioo kinachora mstari unaopanda na kushuka, na kila moyo ukipiga mashine inalia ti, ti, ti. Mkanda wake wa kupimia presha ulitengenezwa kwa mkono wa mtu mzima. Ukimvisha mbwa unateleza mguuni kama soksi iliyolegea, kwa hiyo ulikaa kabatini mwaka mzima na hakuna aliyeukumbuka.

Ndiyo maana palikuwa na Kidole. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda kando ya meza, mkono wa kushoto unakamua mfuko wa hewa ili mnyama apumue, wa kulia uko chini ya kitambaa, vidole viwili ndani ya paja, pale mshipa mkubwa unapopita. Alikuwa anafumba macho. Mgeni angesema jamaa kasinzia, tena mimi siku za mwanzo nilimwambia, "Shemeji, usikorome, utamwamsha mbwa." Akiwa kwenye kigoda kile hakuwa na utani hata na mimi.

Daktari alinieleza siku moja kwa nini mashine peke yake haitoshi, nami nikaelewa ingawa kichwa changu ni cha kuosha vyombo. Moyo ukiwa kwenye usingizi wa dawa unaweza kuchanganyikiwa. Unashtuka, unapiga kabla haujajaa damu. Mashine inalihesabu hilo pigo sawasawa na mengine, ti, lakini mguuni hakufiki kitu, maana moyo umekamua utupu. Pigo moja au mawili ya namna hiyo si neno. Yakizidi, mnyama anakufa na huku mashine inaimba. Kwa hiyo katikati ya kazi, mikono yake ikiwa tumboni mwa mnyama, Daktari alikuwa anauliza neno moja tu: "Yanafika?" Na Kidole, macho kafumba, hujibu, "Yanafika." Au husema, "Mengine yanapotea," na hapo Daktari anasimamisha kila kitu, dawa ya kutuliza moyo inaingia kwenye mshipa, wanangoja mpaka Kidole aseme tena yanafika. Niliwaona wakifanya hivyo kwa paka, kwa mbuzi, na kwa jike moja la mbwa la muuza duka ambalo moyo wake uliyumba tangu kisu cha kwanza mpaka uzi wa mwisho, na likaenda nyumbani kwa miguu yake.

Kipaji hicho hakukipata darasani. Aliajiriwa na mzee aliyekuwa na kliniki kabla ya Daktari, wakati huo hakuna mashine, akaajiriwa kushika miguu tu ili wanyama wasirushe mateke. Ukishika miguu miaka na miaka, utausikia moyo upende usipende. Mpaka nyumbani alikuwa hivyo. Binti yake akiwa na homa, hakutafuta kipimajoto, alimshika kifundo cha mkono akatulia, kisha akasema tumpeleke au tumwache alale. Na dada yangu, siku ile hospitalini, alikuwa kamshika mkono. Nesi alikuwa bado anatengeneza dripu. Yeye alituangalia akasema, "Ameshaondoka." Nesi akabisha. Kisha nesi akaacha kubisha.

Haya, sasa niseme lile lililonitoa machozi.

Kisukari alikuwa nacho muda mrefu, na kukichezea pia alikichezea muda mrefu. Chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Nikimsema ananiambia, "Dada yako aliniacha, na sukari nayo iniache?" Nilicheka, nani angejua. Mvua za mwaka jana zilipoanza nilikwenda kwake asubuhi nikamkuta anaipua sufuria ya uji. Kaishika masikio kwa mikono mitupu, anatembea nayo taratibu kuelekea mezani, ananisalimia, ananiuliza nimelalaje. Nilisikia harufu kabla sijaelewa. Nikapiga yowe, "Wee! Unaungua!" Akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Aliiweka sufuria chini bila kumwaga tone, na ngozi ya vidole ilibaki imeganda kwenye yale masikio.

Baada ya pale nikawa namchunguza. Vifungo vya shati anavifunga huku anavitazama, tena kwenye kioo. Funguo zikimdondoka hajui mpaka zilie sakafuni. Siku ya mapumziko nikamkalisha, nikamwambia fumba macho, nataka kukuchoma sindano vidoleni, useme ukisikia. Akanicheka, akasema nimekuwa daktari lini. Lakini alifumba. Nikachoma kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka damu ikatoka. Yeye kimya, anatabasamu. Kisha akasema, "Anza basi, shemeji, nina njaa."

Jamani. Nilikaa pale na ile sindano, naitazama tu ile damu. Alipofumbua macho akaona damu, lile tabasamu likamwisha usoni kidogo kidogo.

"Kazini unafanyaje?" nikamuuliza.

"Naangalia mashine. Naangalia fizi, zikipauka najua. Nasikiliza pumzi."

"Na Daktari anapouliza?"

Akaanza kufuta damu vidoleni.

"Shemeji, na Daktari anapouliza yanafika?"

"Yanakuwa yanafika," akasema. "Wanyama wengi moyo wao ni mzima. Nikisema yanafika, yanakuwa yanafika kweli."

Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Nikamwambia hiyo ni kamari, na anayechezewa kamari amelala hana habari. Nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua. Akaniuliza, bila hasira, "Nikimwambia, atanipeleka wapi? Nifagie mavi ya mbwa uani? Nikae mapokezi niandike majina ya paka?" Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akainua ile mikono yenye makovu ya moto akasema, "Koleo linanunuliwa jingine dukani. Hili nalipata wapi? Mimi bila kidole ni nani?" Kwa kweli sikujua. Nilimjua kwa kazi hiyo tu, na dada yangu alimpenda akiwa na kazi hiyo.

Lakini sikumwachia. Tulikubaliana atamwambia Daktari mwenyewe, kwa mdomo wake, Jumatatu, Daktari akirudi kutoka safari ya kuchanja ng'ombe. Nilimwapisha kwa kaburi la dada. Nikamwambia asipomwambia yeye nitamwambia mimi, na mimi mdomo wangu anaujua, hauna breki. Akasema, "Jumatatu, shemeji. Nakuapia."

Jumatatu hiyo Daktari alifika mapema, na kabla hajavua viatu vya matope akaja mama wa simu.

Mama wa simu tulimfahamu sote. Alikuwa opereta, yule aliyekaa kwenye mitambo ya simu zamani akiunganisha watu, na alikuwa haoni tangu utotoni. Kastaafu, anaishi peke yake na mbwa mmoja mkubwa mweusi aitwaye Meneja. Jina alimpa mwenyewe kwa sababu, alisema, maisha yake yote alipangiwa na mameneja, basi wa mwisho angalau awe anatikisa mkia. Mbwa yule hakusoma chuo chochote cha kuongoza vipofu. Alimfundisha mwenyewe, kwa kamba na vipande vya mkate, mpaka akajua njia ya sokoni, njia ya hospitali ya presha, na njia ya kwetu. Akifika ukingo wa barabara Meneja anasimama, na mama naye anasimama. Watoto walikuwa wakimwamkia mbwa shikamoo.

Asubuhi ile Meneja hakumwongoza. Aliletwa juu ya mkokoteni na jirani, ambaye aliwashusha akaenda zake kazini. Tumbo la mbwa lilikuwa limevimba kama ngoma, anataka kutapika hakitoki kitu, mate yanamchuruzika. Daktari aligonga lile tumbo kwa kidole mara moja tu, akasema mfuko wa chakula umejipinda, hewa imefungiwa ndani, na asipopasuliwa sasa hivi anakufa. Akamwambia mama ukweli wote: ugonjwa huu unaua wengi, na moyo ndio unaoyumba zaidi, hasa pale mfuko unapokunjuliwa na damu chafu iliyofungiwa inarudi mwilini.

Mama alikuwa kamshika Meneja masikio yote mawili. Akauliza, "Nani atakaa naye humo ndani?"

Kidole akainama. "Mimi, mama. Nitamshika mwenyewe. Moyo wake utakuwa mkononi mwangu."

Maneno hayo aliwaambia wenye wanyama kila siku, miaka yote. Yalimtoka tu kwa mazoea. Lakini mimi nilikuwa mlangoni na ndoo yangu, yakanichoma.

Nikamfuata kwenye korido nikamvuta shati. "Mwambie. Mwambie sasa."

"Sasa hivi, mbwa anakufa?"

"Sasa hivi. Amtafute mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani? Kuna mimi, yeye na wewe."

"Basi ajue tu! Akijua hatakutegemea. Atajipanga."

Alinitazama, akapangusa uso kwa kiwiko, akaniambia, "Sawa. Naingia kumwambia. Wewe kachemshe vyombo, trei moja haitatosha." Akaingia. Kupitia mlango nilimwona anasogea karibu na Daktari, anafungua mdomo. Nikaenda jikoni nimeridhika. Haki ya Mungu, nilikwenda nimeridhika.

Nilichemsha ile trei ya pili, nikaifunika, nikavaa barakoa, nikaingia nayo. Chumba kilikuwa na harufu mbaya, ile ya tumbo lililooza. Daktari alikuwa tayari amelipata lile pindo na kulikunjua, anasubiri mfuko urudi rangi, jasho linamtiririka. Mashine inalia, lakini si ti, ti, ti ya kawaida. Inakimbia, inajikwaa, inakimbia tena, na mstari kwenye kioo umekuwa mpana, mbayambaya. Hata mimi nilijua moyo ule umeingia wazimu.

Daktari hakuinua kichwa. "Yanafika?"

"Yanafika," akasema Kidole.

Daktari akashusha pumzi. "Basi tuharakishe. Kama yanafika, dawa tutaiweka tukishamshona mfuko. Usiniache."

Nikasimama na trei yangu kama nguzo. Kwanza nilidhani labda nimekosea, labda amemwambia na wamekubaliana vingine. Kisha nikamwangalia shemeji. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa amekikodolea kioo, midomo inachezacheza, anahesabu yale mapigo ya mashine. Na vidole vyake, kitambaa kimefunuka kidogo pale, vimekandamiza mfupa mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Mshipa ulikuwa pembeni kabisa. Fizi za yule mbwa zilikuwa nyeusi kwa asili yake, kwa hiyo hata huko hapakuwa na cha kusoma.

"Daktari," nikasema, "shemeji hasikii."

"Nini?"

"Vidole vyake vimekufa. Hasikii kitu. Anasoma mashine!"

Kidole hakugeuka kunitazama. Daktari naye hakumuuliza. Aliteremsha mkono wake ndani ya lile tumbo mpaka kwenye uti wa mgongo, kwenye mshipa ule mkubwa ambao ukiwa hai unaugusa kama bomba la maji. Akabaki hivyo. Mashine inalia.

"Hakuna," akasema. "Hakuna kitu hapa. Mungu wangu, hakuna kitu!"

Yaliyofuata yalikuwa vurugu. Daktari alisukuma mkono juu, akawa anaukamua moyo kupitia chini ya mbavu. Alinipigia kelele nivute dawa kwa sindano, nami nilivuta, nikachoma kwenye ule mpira wa dripu kama alivyonielekeza. Kidole alikamua mfuko wa hewa, alikamua vizuri, kwa mpangilio, machozi yanamwingia kwenye barakoa. Mashine haikuacha. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Ilikuwa inachora mistari mizuri tu, mipana, inapunguza mwendo, na kila mstari inaupigia ti yake, juu ya mbwa ambaye damu ilikuwa imesimama mwilini. Daktari alikamua mpaka mikono ikachoka. Mwishowe akaitoa, akasema, "Izimeni hiyo." Nani aizime? Hakuna aliyesogea. Kidole akanyoosha mkono akang'oa waya.

Daktari akavua glovu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na ulipoingia hapa ulitaka kunieleza nini? Ulisema una neno."

"Nilitaka kukwambia. Ukasema, 'Kidole, leo bila wewe sifanyi hii kazi.'" Akaivuta barakoa chini. "Nikashindwa."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilitaka kumpiga na ile trei, na papo hapo nilitaka kumfunika na kanga yangu nimtoe pale watu wasimwone. Daktari alikaa kwenye kigoda, kigoda cha Kidole, akajishika kichwa. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Akasema, "Huyu mbwa angeweza kufa hata angeshikwa na malaika. Nusu yao hufa. Mimi ndiye nitakayekwenda kwa mama, nitamwambia ni ugonjwa, na sitakuwa nimesema uongo. Yetu tutayazungumza baadaye."

"Acha niende mimi," Kidole akasema.

"Utamwambia nini?"

Alinawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akatoka. Nikamfuata.

Mama wa simu alikuwa kwenye benchi, amekaa wima, ule mkanda wa Meneja kauzungusha kiganjani. Aligeuza uso tulipoingia. Kidole alisimama mbele yake, akakohoa.

"Sema, baba," mama akasema. "Mwenye habari njema hakohoi kwanza."

"Meneja amekufa, mama."

Alibana midomo. Mkono wake uliuzungusha ule mkanda mara nyingine, ukawa unambana vidole. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kuuliza unataka namba gani, "Ni ule ugonjwa?"

"Ugonjwa ulikuwa mbaya sana, mama. Moyo uliyumba."

Ningependa hapo ndipo paishe. Njia ya kukwepa ilikuwa wazi, Daktari alishaifungua, na mama mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Aliinua mkono hewani akiutafuta wa Kidole, akaupata, akaushika kwa mikono yake miwili. Alikuwa anamshukuru! Akasema, "Basi ahsante. Angalau hakuwa peke yake. Wewe ulikuwa umemshika. Ulisikia moyo wake ulipokatika?"

Kidole alitazama ile mikono iliyomshika. Nadhani alikuwa anaona tu kwamba ameshikwa.

"Hapana, mama," akasema. "Sikusikia. Vidole vyangu vimekufa ganzi, sisikii kitu. Daktari aliniuliza kama mapigo yanafika, nikamwambia yanafika. Hayakuwa yanafika."

Mama alikuwa bado kamshika.

"Ulipata ganzi leo?"

"Si leo."

"Kwa hiyo pale uliponiambia moyo wake utakuwa mkononi mwako, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mama."

Akamwachia mkono. Hakuutupa, aliuachia tu, akafuta viganja vyake kwenye sketi. Hakulia, hakupiga kelele. Alitafuta mkoba wake pembeni, akasimama, na ndipo akakumbuka. Nilimwona anakumbuka. Alisimama katikati ya mapokezi, uso anaugeuza huku na huku, kisha akauliza, "Mimi nitarudije nyumbani?"

Kidole akasogea upesi, akamshika kiwiko. "Nitakupeleka, mama. Nitakupeleka mpaka ndani."

Akajitoa. "Wewe husikii, mimi sioni. Tutafika wapi?" Akageukia upande niliokuwa nimesimama, sijui alijuaje kama nipo. "Kuna mama hapa alikuwa anahema. Njoo unishike wewe."

Nikaenda, nikampa mkono. Tulipofika mlangoni, Kidole alikuwa ametangulia kutufungulia. Mama akasimama kizingitini.

"Nani kashika mlango?"

Ningeweza kusema ni upepo. Nikasema, "Ni yeye, mama."

"Mwambie auachie. Nitausukuma mwenyewe."

Sikuhitaji kumwambia. Aliuachia, ukarudi ukamgonga mama begani, naye akausukuma tukatoka. Sikugeuka nyuma. Tuliteremka, tukaufuata ukuta, natembea haraka kwa sababu nalia na sitaki watu wanione. Tulipofika ukingo wa barabara nikakanyaga lami. Mkono wake ukanivuta nyuma. Alikuwa amesimama, uso mbele, ametulia kabisa, anangoja mtu amwangalilie kama kuna gari linakuja, nami nilikawia kung'amua kwamba mtu huyo ni mimi.